Bahari Iliyokomea Ngerengere

Wajerumani walipoanza kutandika Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, haraka yao ilikuwa kufika bara. Mwisho wa mwaka 1907 garimoshi lilikuwa limeingia Morogoro. Baada ya hapo likapita Kilosa, na mwaka 1914 reli ikagusa Ziwa Tanganyika pale Kigoma. Mengi yameandikwa kuhusu reli hiyo: jasho la vibarua, mashamba ya mkonge ya Kimamba na Kilosa, biashara, vita. Yale yaliyomo ndani ya mawe ambayo reli ile inayakatiza hayajapewa nafasi yake katika Kiswahili. Mashariki ya Morogoro, ukishapita Ngerengere kuelekea Ruvu, kuna mawe ya chokaa yaliyozaliwa baharini. Kidugalo na Pendambili, stesheni ndogo ambazo abiria wengi huzipita wakisinzia, zimetajwa katika vitabu vya jiolojia vya Ulaya kwa zaidi ya karne moja. Kutoka Kidugalo hadi ufuko wa Bahari ya Hindi wa leo ni takriban kilomita 100.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana vizuri zaidi ukianzia upande wa pili wa milima. Kilosa imekaa chini ya milima ya Ukaguru na Rubeho, Mto Mkondoa ukishuka kando yake. Mashariki yake limelala bonde la Mkata, ambalo kusini linaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964. Miamba ya milima hiyo ni naisi: mawe yaliyopikwa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, yakakandwa na kupindwa hadi yakapata mistari myeusi na myeupe. Treni ya umeme, iliyoanza safari zake mwaka 2024, inapita ndani ya miamba ya namna hiyo kwenye mahandaki ya Kilosa. Dondoshea naisi tone la asidi, halitatoa povu. Hakuna chokaa humo.

Milima ya Uluguru, upande wa pili wa bonde, inaweza kukudanganya. Huko kuna marumaru, na marumaru hutoa povu kama chokaa yoyote, kwa sababu asili yake ni chokaa. Wanajiolojia wanaamini kwamba yalikuwa mashapo ya bahari ya kale mno, kabla ya wanyama wenye magamba kuenea duniani. Joto na mgandamizo vikayageuza kuwa fuwele tupu, na humohumo, pande za Matombo, zikazaliwa rubi ambazo wachimbaji wadogo wamezitafuta kwa miaka mingi. Kama kuna kiumbe chochote kilichowahi kuzikwa katika mashapo yale, fuwele zimeshafuta sura yake. Asidi itakuambia kwamba jiwe ni chokaa, lakini haitakuambia ni nani aliyeijenga. Kwa hilo unahitaji hadubini.

Kusini mwa Mikumi, kwenye barabara ya kwenda Kidatu na Ifakara, hadithi inabadilika tena. Pande za Vidunda na Kidodi kuna tabaka za Karoo, mchanga na udongo uliojaza mabonde ya ufa ya kale katika kipindi cha Permi, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Mwaka 1936 Leslie Reginald Cox, mtaalamu wa makombe wa British Museum mjini London, alichapisha maelezo ya makombe madogo ya Karoo kutoka Tanganyika na Madagaska, na jenasi moja akaipa jina Kidodia. Jina la kijiji cha wilaya ya Kilosa likaingia katika orodha ya viumbe wa dunia, na lingalimo. Napenda kuliona jina hilo kila ninapolikuta kwenye maandishi ya watu wanaofanya kazi Afrika Kusini au Madagaska, watu ambao pengine hawajui kwamba Kidodi ni mahali penye soko, shule na mashamba ya miwa.

Makombe ya Kidodia hayakuwa ya bahari. Yaliishi katika maji ya bara, ya mito na maziwa. Timu ya wanajiolojia wa Norwe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, iliyochapisha mwaka 2001 mpangilio wa tabaka za Karoo katika bonde la Kilombero, ilipata umri wake kwa msaada wa chavua na spora, vumbi la mimea lililozama topeni na kukaa humo. Kusini zaidi, katika bonde la Ruhuhu, Mjerumani Kreuser alieleza mwaka 1983 mawe ya chokaa ya Permi yenye stromatolaiti, yaani matabaka yaliyojengwa na utando wa vijiumbe: mwani wa buluu-kijani, ambao kwa kweli ni bakteria wanaotumia mwanga wa jua. Kwa hiyo hata bara, kwenye maziwa, kulikuwa na mafundi wa chokaa. Ila Ruhuhu na Vidunda zilikuwa ndani ya bara kubwa la Gondwana, India, Madagaska na Afrika zikiwa zimeshikana.

Kisha bara likapasuka. Katika kipindi cha Jura, Madagaska na India zilipoanza kujitenga na Afrika, maji ya bahari yaliingia kwenye ufa kutoka kaskazini. Upande wetu yalipanda taratibu hadi karibu na miguu ya nchi ya juu ambayo leo tunaiita Uluguru. Ushahidi wa mwanzo ni mchanga mnene wa Ngerengere, wenye chembe za felispa na vipande vya naisi vilivyobomoka kutoka milimani na kumwagwa na mito. Juu ya mchanga huo inakuja chokaa ya Kidugalo, yenye umri wa takriban miaka milioni 170. Magharibi ya Uluguru, kwenye Mkata, Mikumi na Kilosa, chokaa ya namna hiyo haionekani. Ufuko wa Jura ulikomea huku mashariki, na Kilosa, iliyo bara leo, ilikuwa bara tangu wakati huo.

Chukua jiwe la Kidugalo, livunje kwa nyundo, uso mpya uulowanishe kwa mate au maji ya chupa. Utaona vijipunje vya mviringo vimebanana, vingi vikiwa chini ya milimita 2, mithili ya mayai ya samaki. Kila punje ilianza na kitu kidogo sana, labda chembe ya mchanga au kipande cha gamba. Mawimbi yakaigeuzageuza kwenye maji ya joto, haba, yaliyojaa chokaa iliyoyeyuka, na ganda jembamba likaongezeka juu yake, kisha jingine, kisha jingine. Mahali panapotengeneza punje hizo leo ni kama Bahamas na pwani za Ghuba ya Uajemi: kina kifupi, jua kali, maji yasiyotulia. Jiwe moja lililokaa mkononi karibu na reli ya Morogoro linatosha kukueleza kwamba hapo palikuwa na fungu la mchanga mweupe, mtu angeweza kusimama na maji yakamfika kifuani.

Wa kwanza kuipanga miamba ya koloni la Wajerumani kwa mapana alikuwa Wilhelm Bornhardt, mhandisi wa migodi aliyezunguka nchi kwa miguu kati ya 1895 na 1897 na kuchapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1900. Nyuma yake walifuata wataalamu wa visukuku. Eberhard Fraas wa Stuttgart alikuja mwaka 1907, akaandika mwaka uliofuata kuhusu Jura ya Afrika Mashariki. Edgar Dacqué akachapisha mwaka 1910 juu ya visukuku vya Jura ya kati na ya juu. Mwaka 1924 Edwin Hennig alitoa kazi nzima kuhusu Jura ya kati ya nchi iliyo nyuma ya Dar es Salaam, yaani eneo hilohilo la reli. Walichokitazama zaidi ni amonaiti (wanyama wa bahari wenye magamba yaliyojiviringa, waliotoweka) na makombe, vitu vinavyoonekana kwa macho na kushikika.

Lakini safari ya Fraas inakumbukwa kwa jambo jingine kabisa. Alifika Tendaguru, Lindi, akiwa mgonjwa, akaiona mifupa mikubwa iliyokuwa imeripotiwa na Bernhard Wilhelm Sattler mwaka mmoja kabla. Kuanzia 1909 hadi 1913 Jumba la Makumbusho la Berlin lilichimba Tendaguru, Hennig mwenyewe akiwa mmoja wa viongozi wa miaka ya mwanzo. Mamia ya watu walichimba chini ya usimamizi wa Boheti bin Amrani, na wapagazi walibeba mifupa kwa mabega hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zikasafirishwa. Dinosau wa Tendaguru akasimamishwa Berlin, na hadi leo Mtanzania akisikia neno kisukuku, mawazo yanakwenda kwa mjusi yule mrefu, au kwa fuvu la Olduvai.

Sina neno baya dhidi ya mjusi yule. Ila nashikilia kwamba katika kuijua nchi yetu, viumbe wasioonekana kwa macho wamefanya kazi kubwa zaidi, na hata umri wa mjusi na mazingira aliyoishi tumevijua vizuri kwa sababu yao. Msafara wa Wajerumani na Watanzania uliokwenda Tendaguru mwaka 2000, ambao Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mmoja wa waandishi wa ripoti yake, ulikusanya udongo pamoja na mifupa. Ndani ya udongo ule Eckart Schrank alisoma chavua pamoja na dinoflajelati, mwani wa baharini wenye seli moja ambao huacha ganda gumu dogo. Wengine walipata vijigamba vya ostrakodi, vijinyama vidogo vya majini, na mbegu za kara, mwani wa maji baridi. Pakiwa na dinoflajelati, bahari ilikuwa imeingia; pakiwa na kara, palikuwa na dimbwi la maji baridi. Tabaka juu ya tabaka, mwani ndio uliosema ni lini mjusi alitembea kwenye matope ya pwani na ni lini bahari ilifunika kila kitu.

Jiwe gumu la chokaa linataka njia nyingine. Udongo huwa unaoshwa, jiwe linakatwa. Fundi wa maabara analikata kwa msumeno wa almasi, anasugua upande mmoja hadi ulainike, anaugandisha kwenye kipande cha kioo kwa gundi isiyo na viputo, kisha anakata tena na kuanza kulipunguza kwa unga wa kusagia. Analipunguza hadi libaki unene wa milimita 0.03. Akizidisha kidogo tu, jiwe linapotea lote na kazi ya siku nzima imekwenda. Kwa unene huo mwanga unapita. Chokaa iliyokuwa ya kijivu inageuka dirisha, na chini ya hadubini vinatokea vitu ambavyo mshika nyundo hakuviona kamwe: vyumba vya foraminifera (viumbe wa seli moja wanaojijengea magamba) vilivyopangwa kwa mzunguko, mwani mwekundu wenye seli zilizojipanga safu kwa safu, mirija ya mwani wa kijani iliyokatwa pembeni ikaonekana kama duara lenye vitundu ukingoni.

Humo kuna alama moja ambayo mimi huiona nzuri kuliko zote. Gamba la kombe likilala chini ya maji haba, mwani mdogo sana hutoboa ndani yake ili kujificha. Mwani ukifa, kijitundu kinajaa tope laini la chokaa. Mwingine unatoboa pembeni, nao unakufa, hadi ukingo wote wa gamba unakuwa ganda jipya la tope. Baadaye maji yanaliyeyusha gamba lenyewe, linakwisha, lakini ganda la tope linabaki na sura ileile. Robin Bathurst, Mwingereza, alieleza jinsi jambo hilo linavyotokea mwaka 1966. Maana yake ni kwamba hata pale ambapo kombe limetoweka na mwani umetoweka, kazi ya mwani inaonekana. Na kwa kuwa mwani hauishi bila jua, alama hizo ni kipimo cha kina: maji hayakuwa marefu, mwanga ulifika chini.

Kilichowapeleka wataalamu kwenye vitu vidogo hivyo, hapa kwetu kama kwingineko, kilikuwa mafuta. Mwaka 1952 kampuni za BP na Shell zilipewa haki ya kutafuta mafuta pwani ya Tanganyika na visiwani, na visima vikachimbwa Mafia, Zanzibar, Mandawa na Pemba. Keekee ikishuka mita elfu mbili haileti dinosau wala amonaiti mzima. Inaleta vumbi na vipande vya ukubwa wa kokoto ndogo. Foraminifera, kwa udogo wao, wanaweza kupita salama kwenye meno ya keekee, na kwa hiyo walitumika kujua kisima kimefikia tabaka gani. Walter Blow na Frederick Banner, waliofanyia BP kazi hiyo, walichapisha mwaka 1962 aina kadhaa za foraminifera kwa vielelezo vilivyotoka Lindi. Vielelezo hivyo vikawa marejeo ya watu wanaochimba Karibi, Italia na Pasifiki. Mafuta hayakupatikana. BP na Shell wakaondoka. TPDC iliundwa mwaka 1969, na mwaka 1974 gesi ikagunduliwa Songo Songo.

Kilichobadilika baadaye ni nani anayeketi nyuma ya hadubini, na kwangu mimi hapa ndipo historia hii inapopata uzito. Mwaka 1984 Kapilima alichapisha, kwa Kijerumani, utafiti wake juu ya Jura na Kretasia ya nchi iliyo nyuma ya Dar es Salaam na Bagamoyo. Ni mawe yaleyale ya Hennig, miaka 60 baadaye, safari hii yakisomwa na Mtanzania aliyerudi kuwafundisha wengine Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na katika TPDC Joyce Singano akawa mtaalamu wa visukuku vidogo, kazi inayotaka mtu awe na subira ya mfumaji. Udongo unalowekwa, unaoshwa kwenye chekecheo lenye matundu ya milimita 0.063, unakaushwa, unamwagwa kwenye kisahani cheusi. Kisha mtu anainama kwenye hadubini, analowesha ncha ya brashi yenye unywele mmoja au miwili, anagusa foraminifera mmoja, anamwinua, anamweka kwenye kadi yenye namba. Halafu anayefuata. Mchana unakwisha hivyo.

Kuanzia mwaka 2002 Singano, pamoja na Paul Pearson wa Uingereza na Chris Nicholas wa Dublin, walichimba mfululizo wa visima vifupi kati ya Kilwa na Lindi. Walikuwa wameshajua kwa nini waende huko. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa haupitishi maji, na haujawahi kuzikwa kwa kina kirefu, kwa hiyo magamba yaliyomo hayajabadilishwa. Foraminifera wa mahali pengi wakitazamwa chini ya mwanga ni weupe kama chaki, fuwele mpya zimeshawavamia. Wa Kilwa wanapenyeza mwanga kama kioo, ingawa wana miaka milioni 40. Katika makala ya mwaka 2001 kwenye jarida la Nature, Singano akiwa miongoni mwa waandishi, magamba ya namna hiyo yalionyesha kwamba bahari za tropiki wakati huo zilikuwa na joto la nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi au zaidi. Vipimo vya awali, vilivyofanywa kwa magamba ya chaki, vilikuwa vimewapotosha watu kuamini kwamba tropiki zilikuwa baridi.

Mwani nao ulikuwemo, tena kwa wingi usiohesabika. Paul Bown wa University College London alieleza kutoka visima hivyo aina nyingi mpya za kokolithi, vibamba vya chokaa ambavyo mwani wa seli moja hujivika. Kila kibamba ni elfu chache tu za milimita. Karibu na Pande, wilaya ya Kilwa, visima vilipita moja kwa moja kwenye mpaka wa Eosini na Oligosini, takriban miaka milioni 34 iliyopita, wakati barafu kubwa ya Antaktika ilipoanza kujengeka. Mwaka 2009 Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade walipima boroni katika magamba ya hapo, wakakadiria kwamba barafu ilikua hewaukaa iliposhuka kufikia sehemu 760 hivi kwa kila milioni. Kipimo hicho cha dunia nzima kimetoka kwenye udongo ambao mkulima wa Pande anaukanyaga mvua inaponyesha.

Kwenye mpaka uleule, jamii za foraminifera wakubwa walioishi sakafuni mwa bahari haba zilitoweka ghafla. Hao walikuwa wakiishi na mwani ndani ya miili yao, wakipata chakula kutokana na mwanga. Matumbawe yetu ya leo, kuanzia Mafia na Songo Songo hadi Unguja, yanaishi kwa mkataba uohuo: kinyama cha tumbawe kinaupa mwani nyumba, mwani unakipa sukari. Mwani mwekundu unaganda juu ya vipande na kuviunganisha, na mwani wa kijani wa jamii ya Halimeda unaangusha vibamba vyake vinavyochanganyika na mchanga mweupe wa fukwe. Mafundi wale wa kale wapo kazini. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, tumbawe linaufukuza mwani, linabaki jeupe, na likikaa hivyo muda mrefu linakufa. Mwaka 1998 hilo lilitokea karibu Bahari ya Hindi nzima ya magharibi, na sehemu za Mafia zilipoteza matumbawe mengi katika msimu mmoja.

Chokaa ya Kidugalo bado haijasomwa kwa ukamilifu ule ambao udongo wa Kilwa umesomwa. Punje zake, makombe yake na alama za mwani wake zingali zinangojea mtu atakayekata mawe mengi, kutoka Ngerengere hadi Tarawanda na Lugoba, tabaka baada ya tabaka, na kuonyesha bahari ilipanda lini, ilisimama wapi, na ilikuwa na joto gani. Kazi hiyo haitaki keekee ya mafuta wala meli. Inataka nyundo, mifuko ya sampuli, msumeno wa almasi na hadubini, na vijana wa Kilosa na Mikumi wanaosoma jiolojia Dar es Salaam wanapita juu yake kila wanapokwenda chuoni kwa treni.